Kurusha roketi za burudani kwenye ardhi ya umma Marekani
Kwa aliyeuliza kama ruhusa ya msimamizi wa ardhi ya umma nchini Marekani inatosha kurusha roketi ya burudani: haitoshi kila mara, kwa kuwa ardhi na anga vina mamlaka tofauti. Roketi isiyozidi gramu 1,500 pamoja na injini yake, inayotumia fueli isiyozidi gramu 125 na iliyoundwa kwa karatasi, mbao au plastiki inayovunjika kirahisi, haihitaji kibali cha FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani), mradi isihatarishe watu, mali wala ndege. Ikizidi hapo, maombi hupelekwa angalau siku 45 kabla. Kuhusu ardhi yenyewe, iulize mapema ofisi ya eneo husika, hasa wakati wa ukame, kwani marufuku ya moto (ambayo wengi huisahau) inaweza kuzuia hata roketi ndogo kabisa.