Binti yangu hataki nguo ninazomchagulia

*Shangazi, shikamoo. Nina binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili, tunaishi Mwanga hapa Kigoma. Zamani nikimletea nguo anashangilia. Siku hizi gauni la Idi kalivaa mara moja likaishia kabatini. Anataka fulana kubwa na suruali pana kama za kaka yake. Juzi tumeenda sokoni tukagombana mbele ya wauza mitumba, nikamwambia anafanana na utingo wa lori. Akalia, tukarudi mikono mitupu. Desemba mdogo wangu anaolewa, sare ya kitenge imeshachaguliwa, naye kasema haji. Nimetenga shilingi 60,000 kwa ajili yake. Nifanyeje?*
*Mama wa Mwanga*

Marahaba, mama. Tuanze na huyo utingo, nguo zitasubiri. Ungemwambia hivyo nyumbani angenuna mpaka jioni yakaisha. Umemwambia sokoni, wauzaji wanacheka, na pengine mwanafunzi mwenzake alikuwa meza ya pili anachagua viatu. Mwombe radhi kabla hujataja nguo tena. "Siku ile nilikukosea" inatosha. Usiweke "lakini" mbele yake.

Halafu mchunguze taratibu. Umri huo mwili unabadilika haraka, kifua kinajaa, nyonga zinapanuka, na wasichana wengi huvaa fulana kubwa ili wasitazamwe. Wengine ni mtindo tu, ndivyo wanavyovaa wenzao. Huwezi kujua kwa kumkodolea macho. Muulize mkiwa mnachambua dagaa, kila mtu anatazama ungo wake. Hapo watoto husema mengi. Na kuna jambo akina mama wengi wanalirukia: ana sidiria inayomtosha? Ikiwa bado anavaa ya mwaka jana, mkanda unabana mgongoni na nyama zinabanwa pembeni, hakuna gauni litakalomkaa vizuri, na ndiyo maana analikimbia. Mnunulie mpya mbili, na hiyo isiingie kwenye hesabu ya 60,000.

Kuhusu suruali, niwie radhi, sioni kosa lake. Suruali pana na fulana ndefu zinamsitiri kuliko magauni mengi ya kubana yanayouzwa msimu wa sikukuu. Mkubaliane mambo machache ya nyumba yenu: nguo za madrasa, nguo za msibani, nguo za kwenda kwa bibi. Hayo yasijadiliwe kila siku. Yaliyobaki muachie.

Sasa fedha. Toa kwanza ya fundi wa nguo ya harusi uiweke pembeni. Inayobaki mpe mkononi, ashike yeye, chenji ikibaki ni yake. Utashangaa mtoto aliyekuwa anadai kila kitu anavyoanza kumuuliza muuzaji, "Mama, bei ya mwisho ngapi?" Sokoni nenda naye ukiwa mshika mfuko, usiwe mchaguaji. Akikuuliza, jibu kuhusu nguo, usijibu kuhusu mwili wake. "Rangi hii inakung'arisha" ni jibu. "Hii itakuficha tumbo" kaa nayo mwenyewe.

Kazi yako ni kumfundisha kukagua, maana hilo wenzake hawatamfundisha. Mwambie amuulize muuzaji siku anayofungua robota jipya la mitumba, mwende asubuhi, kabla wenye maduka hawajapitia. Nguo aitoe kivulini aitazame juani: kwapani, kwenye kola, katikati ya mapaja, hapo ndipo kitambaa huisha kwanza. Zipu aipandishe na kuishusha yote. Fulana aivute kidogo kwa upana aone kama inarudi au inabaki imelegea. Suruali, pale pasipo na mahali pa kujaribia, afunge kifungo na kuuzungusha mkanda wa kiuno wa suruali shingoni. Ncha zikikutana vizuri kisogoni, kiuno kwa kawaida kitamtosha. Nyonga lakini hazipimwi shingoni, kwa hiyo binti anayekua achukue yenye nafasi, fundi atapunguza. Nyumbani zifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Na asinunue nyingi, mwakani hazitamwingia.

Usishangae akichagua kitu kibaya. Mwache akivae. Fulana ikichuja rangi na kuharibu shuka zake, hilo ni somo la bei nafuu kuliko mengine yanayokuja.

Harusi ndiyo rahisi kuliko unavyodhani. Kitambaa kimechaguliwa na ukoo, hilo halina mjadala, lakini mshono ni wake. Sidhani kuna kamati ya harusi itakayokataa suruali pana ya kitenge na blauzi ndefu yenye mikono, na kama ipo, shangazi yake bibi harusi atawanyamazisha, mpigie leo. Mwambie binti atafute picha kwenye simu, aende nazo kwa fundi, ikiwezekana fundi mwanamke, amweleze mwenyewe anachotaka. Wakati wa kupimwa wewe kaa nje. Kabla ya kukata, fundi aulizwe zinahitajika yadi ngapi. Kitenge kilowekwe kwanza, kwani cha pamba husinyaa kikifuliwa mara ya kwanza. Na aache akiba ya mshono pembeni na upindo mpana chini, ili kiachiwe akirefuka.

Tarehe mtakayomtajia fundi iwe wiki mbili kabla ya harusi yenyewe. Mafundi wetu unawajua.