Kwani mimi si mweusi pia?

SWALI: Habari yako Shangazi. Binti yangu anaishi Seattle, ni nesi, na wikendi amejitolea kwa ule mpango wa kufuatilia hali ya watoto ambao korti imewaondoa kwa wazazi wao. Sasa kabla apewe mtoto ameambiwa asome historia na mila za Wamarekani weusi, akanipigia simu amekasirika, eti mama kwani mimi si mweusi pia, nisome nini tena? Nimwambieje?
Mama wa Kondele, Kisumu

JIBU: Mama, mwambie asome, tena asome na moyo wote. Binti yako alifika Marekani na pasipoti, kwao anakujua, hata kaburi la babu yake anajua liko wapi. Mtoto atakayepewa, huenda ukifuata ukoo wake nyuma unakatikia mnadani, manake wakati wa utumwa mwenye shamba angeuza mama huku na mtoto kule na hakuna korti ya kuwasikiza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoisha 1865, watu waliotoka utumwani walianza kuweka matangazo kwa magazeti wakitafuta mama zao na ndugu zao, wanaandika jina, jina la aliyekuwa anawamiliki, mahali walionana mwisho, na wengine walitafuta hivyo miaka mingi sana. Ukishajua hayo hutashangaa nyanya wa huko akikaza uso akiona mtu wa korti mlangoni anauliza mambo ya mjukuu wake.

Na hapo ndipo kazi yake iko. Mpango wenyewe ulianzia huko huko Seattle 1977, jaji David Soukup alitaka mtu wa kufuatilia mtoto kwa karibu, aongee na walimu, aongee na watu wa kwao, halafu amletee ripoti. Sasa binti yako akiandika tu kwamba nyumba imejaa watu, bila kuuliza ni kina nani, kumbe ni shangazi na mabinamu na mama wa kanisa wanaomlea huyo mtoto kwa zamu, si atakuwa amemharibia? Na watoto weusi tayari wamejaa kwenye huo mfumo wa watoto walioondolewa kwa wazazi kupita idadi yao kati ya watoto wa nchi hiyo.

Anaweza kuanza na Juneteenth, tarehe 19 Juni 1865, siku jeshi lilitangaza uhuru wa watumwa Galveston, Texas, zaidi ya miaka miwili baada ya Rais Lincoln kuutangaza. Halafu asome vile 1959, Tom Mboya wetu wa Rusinga akipeleka wanafunzi Marekani, Wamarekani weusi mashuhuri, mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuwaombea nauli. Hao watu walitujali kabla hatujawajua vizuri.

Ingine ni nywele, na hii naomba asiipuuze. Mtoto akipelekwa kwa familia isiyojua nywele zake, zinakauka, zinajisokota, zinakatika, na shuleni wanamcheka. Amuulize nani anakusuka, unapakwa mafuta gani, usiku unafunga kitambaa cha satini? Akiona hakuna anayeshughulika aandike kwa ripoti, na ataje mtu wa familia anayeweza kuja kumsuka.