Tanuri la Port Talbot limezimwa: jibu kwa mnaouliza kama mje

Swali linalozunguka kwenye magrupu ya familia ni hili. Mji wa chuma wa Port Talbot, kule Wales, umezima matanuri yake. Wafanyakazi wamelipwa kiinua mgongo kinono, nyumba zake ni nafuu kuliko London, na kampuni inajenga tanuri jipya la umeme. Basi si ndiyo nafasi yenyewe? Mtu aje mapema, apange chumba cha bei ndogo, angoje kiwanda kiajiri?

Hapana. Na sababu zake zinahitaji hesabu, kwa hiyo mtuvumilie.

Tuanze na kilichofungwa, maana watu husema "kiwanda kimefungwa" kana kwamba mwenye duka ameteremsha shata. Tanuri la aina ya zamani hulishwa kwa juu madini ya chuma, makaa ya mawe yaliyookwa na mawe ya chokaa, huku chini likipulizwa hewa ya moto unaopita nyuzi 1,000. Likishawashwa haliachwi lipoe. Hukaa miaka 15, hata 20. Kila baada ya saa chache tundu la chini hutobolewa kwa drili, chuma kilichoyeyuka kikatiririka kwenye mifereji hadi kwenye mabehewa marefu yaliyovimba katikati, kisha tundu huzibwa kwa udongo maalumu unaosindiliwa na mashine. Anayekosea kuliziba anahatarisha wenzake wote wa shifti. Likizimwa, chuma kilichobaki kwenye kitako huganda kikawa pande moja la mamia ya tani, na kuliwasha upya ni karibu sawa na kulijenga upya. Ndiyo maana hakuna "tulizime kwanza, bei ya chuma ikipanda tuliwashe".

Tena tanuri halifanyi kazi peke yake. Lina majoko ya kuokea makaa, mtambo wa kuchoma vumbi la madini ligandane lisizibe njia ya hewa, gati ya kupakulia meli, treni za ndani na karakana za mafundi. Port Talbot majoko ya makaa yalifungwa Machi 2024, tanuri namba 5 likafuata Julai, na namba 4 likazimwa 30 Septemba 2024. Wenye kiwanda, Tata Steel, walikuwa wakisema wanapoteza kama pauni milioni 1 kwa siku. Kati ya wafanyakazi kama 4,000 wa pale, nafasi zipatazo 2,000 zilipangwa kuondoka. Vinu vya kukandamiza chuma kiwe bamba viliendelea, lakini mapande ya chuma vinayokandamiza huja kwa meli kutoka nje, Uholanzi na India zikiwamo.

Tanuri jipya ni kweli lipo njiani. Bajeti yake ni pauni bilioni 1.25, milioni 500 zikitoka serikalini. Ujenzi ulianza Julai 2025, na lengo lililotajwa ni lianze kazi mwishoni mwa 2027 au mapema 2028, likiwa na uwezo wa kutoa tani milioni 3 kwa mwaka. Linayeyusha vyuma chakavu kwa nguzo za grafaiti zinazopitisha umeme mkali, na mzigo mmoja huiva kwa muda wa kama saa moja. Hapo ndipo mnapojidanganya. Tanuri hili halihitaji makaa, kwa hiyo halina majoko. Halihitaji ule mtambo wa vumbi la madini, wala madini yenyewe kupakuliwa gatini. Zile nafasi 2,000 hazijaenda likizo zirudi 2028. Zimefutwa pamoja na mashine zake.

Vyuma chakavu navyo vina ugonjwa wake. Waya wa mota ukisahaulika ndani ya gari lililopondwa, shaba yake inaingia kwenye chuma na haitoki tena. Bamba lake likikandamizwa kwa moto linapasuka usoni. Kwa hiyo ajira mpya ziko zaidi kwa wapangaji na wapimaji wa chakavu, mafundi umeme na watu wa maabara, kuliko kwa mikono mingi ya kusukuma. (Wakenya mnakumbuka Januari 2022 biashara ya chuma chakavu ilipopigwa marufuku kwa sababu ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Huku Uingereza chakavu ni malighafi ya taifa, na bado sehemu kubwa inauzwa nje ya nchi.)

Sasa pesa, ambayo ndiyo mnayoiona kwenye picha. Sheria ya Uingereza inampa kiinua mgongo mtu aliyepunguzwa kazini akiwa amefanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 2 mfululizo au zaidi. Mwaka uliofanya ukiwa na umri chini ya 22 ni nusu ya mshahara wa wiki. Kuanzia 22 hadi 40 ni wiki nzima. Kuanzia 41 ni wiki moja na nusu. Huhesabiwa miaka 20 tu ya mwisho, na mshahara wa wiki una kikomo: ulikuwa pauni 700 mwaka 2024, ukawa 719 kuanzia Aprili 2025. Chukua fundi wa miaka 44 mwenye miaka 20 kazini na mshahara wa pauni 39,000 kwa mwaka, yaani 750 kwa wiki. Kisheria, kwa mwaka 2024, anapata wiki 21 na nusu mara 700, sawa na pauni 15,050.

Port Talbot vyama vya wafanyakazi vilipigania zaidi, wakapata mshahara wa wiki 2.8 kwa kila mwaka wa kazi hadi miaka 25. Kwa fundi wetu ni wiki 56 mara 750, pauni 42,000. Elfu 30 za kwanza hazikatwi kodi, 12,000 zinazobaki zinakatwa. Ukizigeuza kuwa shilingi zinatia kizunguzungu. Lakini huo ni mshahara wa mwaka mmoja na mwezi kwa mtu aliyebakiza miaka 20 na ushee kabla ya pensheni, mwenye mkopo wa nyumba uliopimwa kwa mshahara pamoja na posho za shifti. Kazi mpya anayoipata kwa urahisi, ghalani au ya kuhudumia wazee, hulipa karibu na kima cha chini. Kwa kima cha Aprili 2025 cha pauni 12.21 kwa saa, wiki ya saa 37 na nusu inatoa kama 23,800 kwa mwaka. Pengo ni zaidi ya 15,000 kila mwaka. Kiinua mgongo chote kinamezwa na pengo hilo katika miaka isiyofika mitatu.

Kuna na mtego wa msaada wa serikali. Ule mkuu, Universal Credit, hautolewi ukiwa na akiba inayozidi pauni 16,000, na kuanzia 6,000 unapunguzwa. Kwa hiyo aliyelipwa 42,000 anaambiwa ale zake kwanza. Akinunua gari la kifahari ili akiba ishuke, anaweza kuhesabiwa kama bado anazo. Akilipa deni halali, haina neno. Unaopatikana bila kujali akiba ni posho ya kutafuta kazi inayotokana na michango yako ya bima ya taifa: pauni 92.05 kwa wiki mwaka 2025, kwa mwenye miaka 25 au zaidi, kwa miezi 6 tu. Wengi huchelewa kuiomba kwa sababu wamenyimwa ile ya kwanza wakadhani milango yote imefungwa.

Hao ni wa kampuni. Wa wakala na wa wakandarasi, yaani wanaofagia, wanaojenga majukwaa ya mabomba, wanaoendesha malori, hawakuwa kwenye makubaliano hayo. Mkandarasi akikosa oda anapunguza watu wake kwa sheria tupu, na aliyekaa chini ya miaka 2 hapati hata hiyo. Ndugu zetu wanaofika mijini kama hii huingilia mlango huu huu wa wakala, kwa hiyo mkisikia "wafanyakazi wamelipwa", ulizeni wafanyakazi wa nani.

Na kufungwa kwa tanuri hakuishii siku ya kuzimwa. Siku hiyo kuna kamera na machozi. Mji unaumia baadaye, kimyakimya: ovataimu zimekwisha, halafu mgahawa unaouza chai saa 11 alfajiri kwa wanaotoka shifti, halafu fundi matairi, halafu kijana aliyekuwa afundishwe ufundi mitambo kiwandani anakosa nafasi. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani kwenye idadi ya walioachishwa. Hakuachishwa mtu, hakuajiriwa. Waliokulia Webuye, Kenya, wakaona kiwanda cha karatasi kikisimama 2009 hawana haja ya kuelezwa.

Mafunzo mapya yapo, na serikali ya Wales inayagharamia kwa sehemu. Linaloharibika ni mawili. Watu wengi huikimbilia kozi moja, leseni ya malori makubwa kwa mfano, wakamaliza pamoja na kugombania nafasi chache za udereva zilizopo mjini. Pili, mtu ameendesha kreni ya kubebea chuma cha moto miaka 25, lakini ujuzi wake umeandikwa kwenye daftari za kiwanda tu. Akienda eneo la ujenzi anaulizwa kadi na cheti, hana. Anayefanya kazi kwenye kiwanda kinachochechemea, popote alipo, adai vyeti vinavyotambulika nje ya geti kabla barua hazijaanza kutoka.

Mnauliza pia: mbona serikali ya nchi tajiri haizuii? Inaweza, ikitaka. Aprili 2025 bunge la Uingereza liliitwa siku ya Jumamosi likapitisha sheria ya dharura ili serikali ishike usukani wa kiwanda cha chuma cha Scunthorpe, ambacho matanuri yake yalikuwa yanakaribia kuishiwa makaa. Port Talbot ilikuwa imeshazimwa miezi sita kabla. Watu wa Wales hawajalisahau hilo, na hawana kosa. Redcar, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 2015 kampuni ya chuma ilifilisika, watu kama 2,200 wakabaki bila kazi ndani ya wiki chache. Kampuni ikifilisika hakuna wa kujadiliana naye wiki 2.8, mfuko wa serikali unalipa kile cha kisheria, basi. Mkiona kiwanda kinafungwa kwa mpango wa miezi, jueni hao ni wenye bahati.

Tuje kwenu sasa. Anayetoka Dar, Mombasa au Bujumbura bila viza ya kazi hataajiriwa na tanuri la umeme kwa kungojea mjini. Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi inahitaji mwajiri mwenye leseni ya kudhamini, na tangu Julai 2025 maombi mengi mapya yanahitaji kazi ya kiwango cha shahada na mshahara usiopungua pauni 41,700. Kwa tarehe hiyo hiyo ya 22 Julai, mlango wa kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje ulifungwa. Dalali anayewauzia "nafasi za Port Talbot" leo anauza hewa.

Ambaye tayari yuko huku kwa viza hiyo naye ajue kalenda yake si ya mzaliwa. Mwajiri akimpunguza, anatoa taarifa Uhamiaji. Barua ikija, kwa kawaida inampa siku 60, au pungufu kama viza inaisha kabla. Ndani ya siku hizo apate mdhamini mwingine, aombe viza upya, na asianze kazi mpya kabla ya kukubaliwa. Siku zinahesabiwa kwa barua, lakini anayengoja barua ndipo aanze kutafuta amechelewa. Universal Credit hairuhusiwi kwake, viza yake inamkataza fedha za umma. Kiinua mgongo ni haki yake kamili, hakihesabiwi kuwa fedha za umma, na ile posho ya michango pia haimo katika fedha hizo. Kuna waliokaa na njaa wakiogopa kuidai.

Kuhusu nyumba, ni kweli kodi ni ndogo kuliko London. Wales ina mazuri yake pia: dawa za kuandikiwa na daktari ni bure, na mpangaji asiye na kosa hutolewa kwa notisi ya miezi 6. Lakini linganisheni kodi na mshahara wa kule kule, si na mshahara wa London. Pale penye nyumba rahisi na kazi adimu, mtu hujikuta anapanda treni ya alfajiri kwenda Cardiff kubeba boksi, na nauli inakula kile alichookoa kwenye kodi. Kabla ya kulipa amana ya chumba, fungueni ratiba ya treni na mabasi, mtazame basi la kwanza linatoka saa ngapi na shifti ya ghalani inaanza saa ngapi. Shifti ikiwa ni ya saa 12 alfajiri na basi la kwanza linafika saa 12 na nusu, chumba hicho si rahisi.