Mahindi mama tasa na chavua shambani

Je, mbegu chotara iliyozaliwa na mahindi mama yasiyo na chavua (unga wa kiume unaorutubisha punje) itaacha shamba bila punje? Hapana, halitakosa punje kwa sababu hiyo. Ni kweli utasa huo wa kiume hurithiwa kwa mama, maana jeni yake imo ndani ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, nazo hazipitii kwenye chavua. Lakini mahindi baba, yanayotoa chavua, huchaguliwa makusudi yawe na jeni za kurejesha uzazi, ziitwazo Rf, ambazo zimo kwenye kiini cha seli. Hizo husafiri na chavua na kuuzima utasa, kwa hiyo mbegu ya dukani hutoa mbelewele zenye chavua kama kawaida. Kwa saitoplazimu T ya mahindi, aina mojawapo ya utasa huu (saitoplazimu ni sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, yenye mitokondria), zinahitajika jeni mbili pamoja, Rf1 na Rf2, moja haitoshi.

Nilisoma jenetiki ya mimea chuoni, na kisa cha hiyo T hakijanitoka. Jeni yake ya utasa, T-urf13, hutengeneza protini ambayo sumu ya kuvu Bipolaris maydis, aina T, huinasa na kutoboa utando wa mitokondria. Mwaka 1970 mahindi mengi ya Marekani yalikuwa na T hiyo hiyo, na kwa kuvu hiyo takriban 15% ya mavuno ya nchi nzima yakapotea. Kampuni za mbegu zikarudi kung'oa mbelewele za mahindi mama ili yasijichavushe.

Ila kwa vitunguu na karoti baba hahitaji kuwa na Rf: kinachovunwa ni kitunguu chenyewe au mzizi, hata ua lisipotoa chavua.