Kwa fundi mpya: kabla hujagusa soketi ya njano

Mdogo wangu unayeanza umeme wa magari hapo Gerezani, Dar es Salaam, ukifungua usukani macho yatakwenda kwenye mfuko wa eabegi, ule unaojaa gesi kumkinga dereva. Wewe kitazame kikopo cha chuma kilichofungwa nyuma yake, maana hicho ndicho kinachozalisha gesi. Ndani mna kiwashio cha umeme, vidonge vya kemikali na chujio la chuma linalopoza gesi. Gari likigonga, kompyuta inapeleka umeme, vidonge vinaungua na mfuko unajaa kwa takriban milisekunde 30.

Wanaokibuni hukesha kwenye jambo moja: kasi ya kuungua. Moto hula kidonge kuanzia usoni, kwa hiyo umbo lake hupangwa ili gesi itoke kwa kipimo. Kidonge kikipata nyufa au vitundu, sehemu inayoungua inaongezeka, shinikizo linapanda kuliko chuma kinavyohimili, na kikopo kinalipuka. Takata ya Japani iliangukia hapo. Vikopo vyake vingi vilitumia nitrati ya amonia bila kikaushio, na miaka ya joto na unyevu ikaviharibu vidonge. Vipande vya chuma viliua watu, mamilioni ya magari yakaitwa yarekebishwe, na mwaka 2017 kampuni ikaomba kufilisiwa. Sasa fikiria gari la zamani linaloanikwa juani Kariakoo kila siku, na fukuto letu hili la pwani!

Ndiyo maana eabegi ya mtumba sifungi, mteja anune asinune. Na wale wanaochomeka rezista mahali pa eabegi ili taa ya onyo ya dashibodi izime, mimi nawaita matapeli.

Kazini, toa waya hasi wa betri kwanza, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Toyota nyingi ni sekunde 90, kwa sababu kapasita, kihifadhi umeme cha kompyuta ya eabegi, bado ina chaji. Ndani ya soketi ya njano, ile ya waya za eabegi, kuna kibati chembamba kinachounganisha pini mbili ukichomoa, umeme wa mwilini usije ukafyatua kiwashio. Usiking'oe. Kiwashio chenyewe usikipime kwa mita ya kawaida. Ukiilaza eabegi mezani, upande wa mfuko uangalie juu.

Mteja akiuliza kama gari lake limeitwa, chukua namba ya chesisi. Magari ya soko la Japani hayana namba ya herufi na tarakimu 17, hivyo tovuti za Marekani zitaikataa. Tafuta kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji.