Hadithi ya mizimu haitaki haraka

Kuna watu ukiwatajia hadithi ya mizimu wanataka damu, vichwa vikatwe, wasilale mpaka asubuhi. Mimi hayo siyawezi. Mimi napenda ile hofu ndogo ya kuvuta shuka kidogo halafu unaendelea kusoma, na kwa hiyo mwandishi wangu ni Muhammed Said Abdulla, yule wa Unguja aliyetuletea yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Najua mtasema ah huyo si ni wa upelelezi, sawa, lakini hebu kishike Mzimu wa Watu wa Kale, kile kilichoshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 kikachapwa 1960, maiti inapatikana wapi? Kwenye mzimu, pale pahali pa matambiko! Sasa huku unajua Bwana Msa mambo hayo hayamuingii akilini, huku nywele zishakusimama, na raha yenyewe ndo hiyo.

Kwa hivo usikifungue ukiwa umekunja mikono, haya nitishe tuone. Hutatishika na utasema kitabu kibovu. Wewe waangalie waliomo ndani wanavoogopa, nani anaogopa kweli na nani anajitia kuogopa manake ana lake jambo. Abdulla hapo ni fundi, kwa maoni yangu hajapatikana wa kumfikia.

Halafu soma kwa sauti, hili walahi nalisisitiza. Sisi huku mtaa wa Langoni, Lamu, baada ya isha shangazi yangu hukaa na kofia yake anashona na mimi namsomea, tukifika pahali pa giza naona sindano imesimama kwenye kitambaa, haiingii haitoki, kisha ananiuliza kama mtu asojali, "Mwanangu, mlango wa chini umeukomea?" Nishaukomea shangazi. "Haya endelea." Na asubuhi namuona anaufumua ule mshono wa jana. Tena ukisoma kwa sauti yale mabishano na vijembe vya watu wa Abdulla vinakuja juu, ukisoma kimya unaviruka tu. Maneno ya Kiunguja yakikushinda usikimbilie kamusi kila saa, pita, mbele utaelewa.

Wakati mzuri ni usiku wa kusi. Nyumba zetu hizi za mawe na boriti za mikoko, upepo ukishika dirisha linagonga lenyewe, punda naye akalia uchochoroni, yaani unapata sauti zote bure. Stima ikipotea washa kandili uendelee. Ila kama unalala peke yako na unajijua, soma mchana jamani, hakuna atakayekucheka.

Na ukiwa na safari ya Malindi pitia magofu ya Gedi, ukishakisoma kitabu sio kabla. Ule mji umehamwa karne na karne, msikiti na nyumba za watu zimezingirwa na msitu, mizizi imekumbatia kuta, kima wako juu wanakutazama. James Kirkman, yule Mwingereza aliyeanza kuuchimba 1948, aliandika kwamba mwanzoni alikuwa akihisi kuna kitu au mtu anamchungulia nyuma ya kuta, si adui wala si rafiki, anangoja tu. Mtu wa elimu huyo, si mimi na shangazi! Ile hofu nnayoisema ndo hiyo hasa, hakikugusi, hakikufukuzi, kinakutazama tu, na mwandishi anayejua kazi yake anakiacha pale pale hakitoi nje mapema. Hawa wa siku hizi jini anatokea ukurasa wa pili na kucha zake na mapembe, sasa kuna nini tena cha kungoja?

La mwisho, ukishampenda mwandishi usivimalize vitabu vyake kwa pupa. Kimoja kikiisha kaa kwanza, soma vingine, mkorofishane na watu barazani kuhusu muuaji, ndo ushike Kisima cha Giningi cha 1968. Jina hilo kwa Unguja na Pemba ni mji wa wachawi, kwa hivo kabla hujafungua jalada mwili ushaanza. Ila usikitake kiwe kama kile cha kwanza, na ukianza na mtu unayemsomea msimalizie kila mmoja kivyake, shangazi yangu alimsikia jirani akitaja muuaji pale dukani na mpaka leo hawasemezani vizuri.