Maswali ya nahau: samaki kamla nani?

Asalaam alaykum. Maswali ya nahau ya Kiarabu ya wiki hii ni mengi, ila yakichujwa ni swali moja limevaa kanzu tofauti. Naanza nalo.

Ustadhi, nitamjuaje fa'ili kwenye jumla fi'iliya, sentensi inayoanza na kitenzi? Maalim wetu alisema ni jina la kwanza baada ya kitenzi. (Mikindani)

Maalim wenu kawapunguzia mzigo leo, mtaubeba kesho. Fa'ili ni aliyetenda, na alama yake ni raf'u, kwa kawaida dhumma (*u*), iko mwishoni mwa neno. Kutangulia hutangulia mara nyingi, lakini mazoea si kanuni.

Juzi niliandika ubaoni *akala l-waladu s-samaka*, mtoto kala samaki. Nikampindulia kijana mmoja, mwana wa mvuvi wa Msangamkuu: *akala s-samaka l-waladu*. Akajibu bila kupepesa, "Samaki kamla mtoto." Darasa zima likaafiki. Nikamwambia aweke kidole kwenye herufi ya mwisho ya *samaka*. Kuna nini hapo? "Fatha, *a*." Kwa hiyo? Kimya. Halafu akacheka mwenyewe: "Aa, kumbe kaliwa yeye!" Nikaifuta ile fatha kwa kidole gumba, nikaweka dhumma, mtoto nikampa fatha. Sasa samaki kamla mtoto kweli, na hakuna neno lililohama.

Simlaumu kijana. Sisi Waswahili tumezoea anayetajwa mbele ndiye mwenye tendo, na viambishi vinatusaidia, kwa hiyo jicho hukimbilia nafasi. Soma basi Sura Fatir, aya ya 28, kwa jicho hilo: *innamaa yakhsha-llaaha min 'ibaadihi l-'ulamaa'u*. Jina la Mwenyezi Mungu limetangulia na lina fatha, *'ulamaa'u* imekuja mwisho na ina dhumma. Wanaomcha ni wanazuoni. Ukifuata kanuni ya "la kwanza ndiye fa'ili" utapata maana ambayo mimi siiandiki hapa.

Nafasi huwa hakimu pale tu alama isipoonekana wala maana haisaidii, kama *nasara Muusaa 'Iisaa*. Majina yote mawili yanaishia alifu, alama ya mwisho imejificha, kwa hiyo wa kwanza ndiye aliyenusuru. Maalim wenu labda alikuwa na mfano huu kichwani akausahau njiani.

Nimeandika *jaa'uu t-tullaabu* nikapigwa mkasi. Wanafunzi si wengi? (Lindi mjini)

Wengi, ndiyo. Lakini kitenzi kikitangulia fa'ili wa dhahiri hubaki umoja: *jaa'a t-tullaabu*, hata wakiwa wawili, hata wakiwa mia. Jinsia ndiyo hukigusa: *jaa'at Maryamu*. Umeponzwa na *wa-* ya "wanafunzi wamekuja", ukaibeba mpaka Uarabuni. Ukitaka wau yako, ile *-uu* ya wingi, mtangulize mwanafunzi: *at-tullaabu jaa'uu*. Hapo jumla imekuwa ismiya, yaani inaanza na jina, *at-tullaabu* ni mubtada, jina la kuanzia, na fa'ili ni ile wau yenyewe.

Kuna mjuaji ataniletea ile lugha ya *akaluunii l-baraaghiithu*, "wamenila viroboto". Naijua. Walikuwapo Waarabu waliosema hivyo na wanahau wameiandika. Wewe bado huijui ya kawaida, waache viroboto wa watu.

(Picha ya neno moja, *kitaab*.) Irabu yake nini? (Tandahimba)

Haina. Irabu ya nahau si zile a, e, i, o, u za shuleni. Ni mwisho wa neno unavyobadilika kwa kutawaliwa na kilichomo ndani ya sentensi. Tuma sentensi nzima. Hii ni mara ya ngapi nasema?

Kwa nini *ra'aytu l-mu'allimaati*, niliwaona walimu wa kike, na si *l-mu'allimaata*? (Masasi)

Jam'u muannath salim, wingi wa kike wa *-aat*. Nasbu yake, hali ya mtendwa, ni kasra (*i*), si fatha.

Shikamoo maalim. Mwanangu ana miaka minane, anaghani "fa'ilun marfuu'un wa 'alaamatu raf'ihi dh-dhammatu", yaani fa'ili ana raf'u na alama yake ni dhumma, bila kukosea. Nimuanzishe Ajurumiya? (Nachingwea)

Marahaba mama. Mwandikie sentensi ambayo hajawahi kuiona, umuulize nani kafanya nini. Akikwama, huo anaoghani ni wimbo. Ajurumiya ni matni, kijitabu kifupi cha kanuni za nahau, ya Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, na ufupi wake ndio mtego: inahifadhika upesi kuliko inavyoeleweka. Mpe kwanza maneno mia mbili ya nyumbani na visa vifupi vya kusoma. Na ukiona chuo kinajisifu kuwa watoto wameimaliza kwa mwezi mmoja, subiri kwanza kabla hela ya korosho haijaishia kwenye ada.

Khatibu akisoma simsikii akitamka dhumma wala fatha ya mwisho. Naye hajui? (Kilwa)

Anajua. Anaposimama anaweka sukuni, yaani anaikata sauti ya mwisho. Msikilize anapounganisha maneno.

Kwenye *ukila s-samaku* samaki ndiye aliyeliwa. Mbona ana dhumma? (Mtwara)

Swali zuri, na hapa Kiswahili kinakubeba. Sema "samaki ameliwa". Ile *a-* ya mwanzo ni ya nani? Ya samaki, ingawa hakula kitu. Mlaji kaondolewa kwenye sentensi, kiti chake kimebaki wazi, samaki kakikalia na kapewa raf'u ya mwenye kiti. Ndiyo maana anaitwa naibu fa'ili. Yule kijana wa Msangamkuu alilijibu hili kabla sijamaliza kuandika ubaoni, akauliza kama mlaji anaweza kurudi. Nikamwambia arudi, lakini samaki atapokonywa dhumma.